Uzoefu hauuzwi Kariakoo



Juma hili twaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya kazi ambayo wazazi wengi hapa Buguruni hawaijui hata jina, ingawa kila siku wanaishi kwa kuitegemea. Ni kazi ya msimamizi wa mifumo ya kompyuta. Huyu ndiye anayehakikisha kwamba kompyuta za ofisi zinawaka, zinawasiliana, zinatunza kilichowekwa ndani yake, na hazimfungulii mlango asiyehusika. Akiifanya kazi yake vizuri hakuna anayemkumbuka. Akiikosea, hospitali, benki na hata msikiti hutaharuki. Sisi tumeijua kazi hii kwa njia ya aibu, na kwa aibu hiyo tutaanza.

Msikiti wetu una mfuko wa kufa na kuzikana. Kila kaya hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mfiwa hupatiwa sanda, gari la kwenda makaburini na chakula cha siku ya msiba. Kwa miaka mingi hesabu ziliandikwa katika daftari kubwa lenye jalada jeusi. Sisi tulipokabidhiwa kalamu ya ukatibu tulikuwa tumetoka chuoni na hamu ya mambo mapya. Tukanunua kompyuta, tukahamishia humo majina yote, na daftari tukalifungia kabatini. Kwa miaka mitatu tulijiona tumewapita wazee wetu.

Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa kishindo. Asubuhi yake kompyuta haikuwaka. Kabla juma halijaisha, alfajiri, akaja mjane mmoja muuza vitumbua, aliyefiwa na mwanawe wa kwanza. Alikuja kudai haki yake. Kanuni ya mfuko ni kwamba kaya isiyokatiza michango ndiyo hupewa gharama kamili, na sisi hatukuwa na pa kutazama. Tukamwambia, "Bibi, tuwie radhi, kompyuta imeharibika." Akatutazama kwa utulivu, akasema, "Mwanangu, mimi fedha yangu sikuipa kompyuta. Nilikupa wewe."

Kamati ilichanga papo hapo, na marehemu akazikwa baada ya swala ya alasiri. Lakini neno la bibi yule halikuzikwa. Sote tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Tumeifundisha mara nyingi madrasa. Siku ile tulitambua kwamba kuandika ni nusu ya agizo, na nusu ya pili ni kuhakikisha kilichoandikwa kinasomeka siku ya haja.

Ndipo mweka hazina wetu alipomkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza simu katika kibanda jirani na kituo cha Buguruni Sheli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mama yake alikuwa akilalamika msikitini kwamba mwanawe anakesha akichezea kompyuta mbovu. Tukamwita. Hakuja na maneno mengi. Alifungua sanduku la kompyuta, akanusa, akasema kifaa cha kupokea umeme kimeungua. Akaichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake kuukuu, akasikiliza mlio wake, kisha akatuomba jambo lililotushangaza: tusiifungue diski ile wala tusiandike chochote juu yake. "Ustadh," alisema, "diski mgonjwa haisumbuliwi. Kwanza tunainakili yote kama ilivyo, sehemu zinazosomeka zitangulie, zile mbovu tuzirudie baadaye. Tukishapata nakala, tutafanya kazi juu ya nakala."

Alitumia programu isiyouzwa, aliyoiwasha kutoka kwenye flashi. Kazi ilichukua siku mbili usiku na mchana. Tulipata hesabu zote isipokuwa za miezi minane. Miezi hiyo tuliijenga upya kwa stakabadhi na kwa jumbe za fedha zilizokuwa katika simu za wachangiaji.

Tulipomuuliza kwa nini kijana mwenye ujuzi huo anashinda kibandani, alitoa jibu ambalo wazazi wengi wamelisikia kwa watoto wao. "Kila ofisi ninayokwenda wananiuliza nina uzoefu wa miaka mingapi. Nikisema sina, wananiambia nikautafute kwanza. Uzoefu hauuzwi Kariakoo, Ustadh. Nitaupata wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tangu siku ile kijana huyo amekuwa mwanagenzi katika ofisi yetu na katika madrasa. Tumejifunza naye kwa mwaka mzima, na haya tunayoyaandika ni mavuno ya mwaka huo, kwa faida ya mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo na ya mtoto mwenyewe.

Kwanza tuelewe kwamba tatizo hili si jipya nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu za Serikali kuleta mkanganyiko na hasara, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotajwa na waliolichunguza jambo hilo ni uhaba wa wataalamu wazalendo wa kuziendesha na kuzisimamia. Mashine ilitangulia, na mikono ya kuilea ikachelewa. Nasi, kwa kadiri yetu ndogo, tulilirudia kosa lile ndani ya chumba kimoja cha msikiti.

Basi, mikono hiyo hupatikanaje? Jambo la kwanza ni kuwa na mashine ambayo mwanafunzi ana ruhusa ya kuiharibu. Mwenye kujifunza juu ya kompyuta pekee ya familia, yenye picha za harusi na barua za baba, hatajifunza kwa sababu ataogopa. Kompyuta ya mitumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha kuanzia, hata kama kioo chake kina ufa. Aweke humo mfumo endeshi wa Linux, ambao mwanafunzi wa Kifini, Linus Torvalds, aliuanzisha mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 21, na ambao hadi leo hauuzwi. Mojawapo ya matoleo yake mashuhuri, Ubuntu, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Sehemu kubwa ya seva za dunia huendeshwa na Linux, kwa hiyo anayejizoeza nayo chumbani Buguruni anashika chombo kilekile kinachoshikwa katika makampuni makubwa.

Asiuweke mfumo huo mara moja akaridhika. Aufute, auweke tena, augawe mpangilio wa diski kwa namna nyingine, auharibu kwa makusudi, kisha atafute njia ya kuufufua bila kuufuta. Kijana wetu aliuweka mara kumi na moja katika mwezi wa kwanza, na kila mara aliandika palipomkwamisha. Ajizoeze pia kuacha kipanya na kuandika amri kwa maneno, kwa sababu seva nyingi hazina picha wala vitufe vya kubofya. Kwanza huchosha, baadaye huwa kama mtu aliyezoea kusoma bila kufuatisha kwa kidole.

Akipata kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 au zaidi, zipo programu zisizouzwa, kama VirtualBox, zinazowezesha kompyuta moja kubeba ndani yake kompyuta nyingine za kufikirika. Humo anaweza kuwa na seva moja na wateja wawili, akawaunganisha, akawagombanisha na kuwapatanisha, bila kununua hata waya mmoja.

Jambo la pili ni mtandao. Kijana wetu aliunganisha kompyuta mbili kwa kebo na swichi ndogo, akazipa anwani kwa mkono, kisha akatuma amri ya ping kutoka moja kwenda nyingine. Jibu liliporudi alifurahi kama mtu aliyeitikiwa salamu kutoka ng'ambo ya mto. Ndipo akajifunza jinsi ruta inavyogawa anwani hizo yenyewe, na jinsi jina la tovuti linavyogeuzwa kuwa namba. Asiyepita njia hiyo ya mkono huishia kubofya vitufe asivyovielewa, na siku vitufe vikikataa hana la kufanya.

Hapo tulijifunza kanuni moja: tatizo la mtandao lichunguzwe kuanzia chini kwenda juu. Siku moja mashine ya kuchapia ya madrasa iligoma, na mitihani ya watoto ilikuwa kesho yake. Sisi tulitaka programu zote zifutwe na kuwekwa upya. Yeye akaanza na soketi ya ukutani, akafuata waya, akafuata kebo, akaikuta imetafunwa na panya. Dakika kumi zilitosha. Tangu siku hiyo tumejizuia kumhukumu aliye juu kabla hatujamtazama aliye chini.

Jambo la tatu ni watumiaji na ruhusa zao. Zamani sote tuliingia katika kompyuta ya ofisi kwa jina moja na neno la siri moja, lililobandikwa ukutani kwa karatasi. Fedha ikikosewa hakuna aliyejua nani kaandika. Sasa kila mmoja ana jina lake. Mweka hazina huandika hesabu, imamu husoma bila kubadilisha, walimu wa madrasa huona majina ya wanafunzi wao tu. Hata msimamizi mwenyewe hufanya kazi za kila siku kama mtumiaji wa kawaida, na hutwaa mamlaka makubwa pale tu kazi inapoyadai, kisha huyaweka chini. Wasomaji wataona kwamba kanuni hii ingefaa pia nje ya kompyuta.

Jambo la nne, na hili ndilo lililotugharimu, ni nakala za akiba. Wahenga walisema akiba haiozi. Katika kompyuta, akiba isiyokaguliwa huoza, tena huoza kimyakimya. Kanuni inayofuatwa na mafundi wa fani hii ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila jambo muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mbali na jengo. Sisi tunayo ya kwanza ofisini, ya pili katika diski ya nje iliyo nyumbani kwa mweka hazina, iliyofungwa kwa neno la siri, na ya tatu ni karatasi zinazochapwa kila mwisho wa mwezi na kubandikwa katika lile daftari jeusi, ambalo tumelitoa kabatini kwa heshima.

Lakini kuwa na nakala si mwisho. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu duniani, mhandisi mmoja alikuwa kazini usiku akirekebisha hitilafu. Alikusudia kufuta data katika seva ya ziada, akatoa amri katika seva kuu. Alipogundua na kuizuia, kati ya gigabaiti 300 hivi zilisalia 4.5. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla ya ajali, kwa mkono na kwa sababu nyingine kabisa. Kampuni haikuficha. Ililieleza kosa lake hadharani hatua kwa hatua, na leo wanagenzi wa nchi nyingi hujifunza kwalo. Kwa hiyo nasi, kila mwezi, kijana wetu huchagua faili moja, hulirudisha kutoka kwenye akiba mbele ya mjumbe mmoja wa kamati, na mjumbe huweka sahihi kwamba ameliona.

Zoezi hilo lilituokoa mapema kuliko tulivyotaraji. Juma la tatu la uanagenzi wake, kabla ya swala ya adhuhuri, kijana alikuja akiwa ametokwa na jasho. Akasema, "Ustadh, nimefuta kabrasha la mayatima. Nilidhani niko katika mashine ya mazoezi." Humo mlikuwa na majina ya watoto, walezi wao, na misaada waliyogawiwa tangu mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekuwa amegundua. Angeweza kunyamaza, na lawama ingeuangukia umeme.

Wajumbe wawili walitaka aondoke siku hiyohiyo. Hoja yao haikuwa dhaifu, kwa kuwa mali ya yatima si uwanja wa mazoezi, na sisi wenyewe kwa muda tuliona haya kwa kumleta. Imamu wetu aliuliza swali moja tu: "Akiba ipo?" Kijana akajibu, "Ipo, Maalim, ya jana usiku. Nimeijaribu wiki iliyopita." Akaambiwa airudishe. Nusu saa haikuisha kabrasha likarudi, na kilichopotea ni maandishi ya asubuhi moja, ambayo mwandishi wake aliyakumbuka. Kisha imamu akawageukia wajumbe akasema, "Wa kumwogopa ni yule ambaye angetuficha. Huyu tumemsomesha kwa bei ya asubuhi moja. Tukimfukuza, tutakuwa tumewalipia ada wengine."

Hatukumwacha bila adabu. Aliamriwa aandike ukurasa mmoja: nini kilitokea, kwa nini kilitokea, na nini kifanyike kisitokee tena. Akaandika kwamba dirisha la seva na dirisha la mazoezi yalifanana rangi. Tangu siku ile dirisha la seva lina rangi nyekundu, na kila amri ya kufuta husomwa kwa sauti kabla ya kubonyeza. Ukurasa ule umekuwa wa kwanza katika daftari lake la kazi, nalo ndilo jambo la tano tunalolisisitiza.

Mwanagenzi awe na daftari. Kila mabadiliko yaandikwe kabla na baada: tarehe, mashine, amri iliyotolewa, matokeo. Siku akienda kutafuta ajira na akaulizwa uzoefu, asiseme "ninajua kompyuta." Afungue daftari aonyeshe: hapa niliokoa diski, hapa niliunganisha vyumba viwili vya madrasa, hapa nilikosea na hivi ndivyo nilivyorekebisha. Mwajiri mwenye akili hukaa chini akasoma. Na kazi yoyote ambayo ameifanya kwa mkono mara tatu, aiandike kama orodha ya amri ambayo kompyuta itaifuata yenyewe. Ndivyo nakala zetu za usiku zinavyojichukua sisi tukiwa tumelala.

Jambo la sita ni ulinzi, na hapa tunasema na vijana kwa uwazi. Masasisho ya programu yasiahirishwe bila sababu, na flashi za kupokezana zisiaminiwe. Lakini masasisho nayo huhitaji busara. Tarehe 19 Julai 2024, ambayo ilikuwa Ijumaa, sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikaahirishwa na hospitali zikarudi kwenye kalamu. Mwenye mashine nyingi na ajaribu kwanza katika moja.

Tena, kijana asijifunze ulinzi kwa kuvunja milango ya watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mkosaji anayeingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini, hata kama anadai alikuwa akijizoeza. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azitunze na asizitumie nje ya kusudi lake. Msimamizi wa mifumo anaweza kufungua barua ya kila mtu. Anajua nani kasaidiwa, nani kaachika, nani anadaiwa. Dini yetu imetufundisha kusitiriana muda mrefu kabla ya sheria hizo, na kijana asiye na sitara asikabidhiwe funguo, hata akiwa na vyeti ukuta mzima.

Tusisahau pia kwamba nchi yetu imefungwa na dunia kwa nyaya zinazopita chini ya bahari. Seacom ilifika pwani yetu mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 zote mbili zilipata hitilafu, na kwa siku kadhaa intaneti ilizorota nchini. Aliyekuwa ameweka kila kitu chake ng'ambo alisubiri. Aliyekuwa na nakala ndani ya ofisi aliendelea kusoma hesabu zake. Msimamizi mzuri hujiuliza mapema: umeme ukikatika itakuwaje, waya ukikatika itakuwaje, na mimi nikiugua, nani ajuaye funguo zilipo? Kwa umeme, tulinunua betri ya akiba ya kompyuta, ile iitwayo UPS, kwa gharama ndogo kuliko ile tuliyoichanga siku ya msiba.

Mzazi atauliza juu ya shule, na ni haki yake. Mazoezi ya nyumbani hayaondoi haja ya mafunzo rasmi. VETA ina kituo cha TEHAMA pale Kipawa, si mbali na kwetu, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ipo mjini. Lakini anayekwenda darasani mikono yake ikiwa tayari imeungua kidogo huelewa mwalimu anasema nini. Lugha nayo isiwe kisingizio. Ni kweli vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza, na kijana hana budi kujifunza kukisoma. Hata hivyo mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Lugha yetu inaubeba ujuzi huu, mradi wapo wanaoufundisha kwayo. Katika madrasa yetu mabinti wawili wameanza kukaa na kijana wetu kila Jumamosi, mama ya mmoja wao akiwepo, na mmoja tayari anachapa kebo vizuri kuliko mwalimu wake.

Kwa kamati za misikiti, zahanati na shule za mitaani tuna ombi moja. Mnazo kompyuta zinazokufa kwa vumbi, na mnao vijana wanaokufa kwa kukosa pa kujaribu. Wakutanisheni. Mpeni kijana mazoezi pasipo siri za watu kwanza, mpeni mtu mzima wa kumkagua, mlipeni nauli na chakula, na mwisho wa mwaka mpeni barua ya kweli inayoeleza alichofanya. Hasara itakuwa ndogo kuliko tuliyoipata sisi. Na kwa wazazi: mtoto anayekesha na kompyuta mbovu muulize anafanya nini kabla ya kumzimia taa. Akiweza kukueleza, keti umsikilize.

Mwezi uliopita yule bibi wa vitumbua alikuja ofisini. Katika miezi minane iliyopotea, saba tulikuwa tumeithibitisha, na mmoja aliutoa taslimu bila stakabadhi. Kamati ililikubali neno lake, na gharama zake kamili akapewa. Kijana alimchapia karatasi ya michango yake yote, na kwa kuwa bibi hakuja na miwani, akamsomea mwezi mmoja baada ya mwingine. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akakunja karatasi na kuifunga katika pindo la kanga.

"Na hii mashine yenu ikifa tena, mjukuu wangu?" akauliza.

Kijana akafungua kabati, akamwonyesha daftari jeusi. Bibi akalipapasa jalada lake, akalitambua, akacheka kidogo. Kisha akatoa shilingi 2,000 za mwezi huu, akaziweka mkononi mwa kijana.

Wabillahi tawfiq.